Kikohozi Chini ya Leso

Jumatatu, 2 Desemba
Nimechuma chai mpaka saa nne. Mgongo unalalamika. Siku tano tu, Wanja wangu aolewe. Mikebe sita ya moshi wa rangi imefika kutoka Embu mjini. Jirani alipomwoza bintiye aliwasha miwili, na kijiji chetu cha Kibugu kizima kinaizungumzia mpaka leo. Nimeificha juu ya kabati kama mtoto aliyeiba sukari.

Jumatano, 4 Desemba
Mwenda, mchumba wake, amepiga simu kutoka kwao Kiirua. "Baba, hiyo moshi itashika Wanja kifua. Tuwache tu." Nimeudhika. Muuza viazi anifundishe mimi kuhusu kifua cha mtoto niliyemlea na pumu tangu akiwa mchanga! Nimemjibu kwamba huu ni moshi wa harusi, si wa kuni. Nikajiona mwerevu. Mama Wanja hakuniunga mkono.

Ijumaa, 6 Desemba
Mvua. Hema limefungwa pande zote. Wanja amenipigia koti pasi. Machozi yamenijia, nikasingizia kwenda kumwona ng'ombe.

Jumamosi, 7 Desemba
Hospitalini, Embu. Naandika nyuma ya ratiba ya harusi.
Kama ilivyo desturi yetu, wasichana saba walifunikwa leso kichwa hadi miguu, Wanja kati yao, ili Mwenda amtambue wake. Moshi ulikuwa uwashwe nje, lakini mvua haikukoma. Nikawasha mikebe yote humo humo hemani, kwa mkono wangu. Moshi wa waridi ukajaa, ukakosa pa kutokea, ukaingia chini ya leso. Harufu ya baruti. Leso zote saba zikaanza kukohoa. Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.
Mwenda hakucheka. Hakutazama miguu wala kimo. Alisimama akasikiliza, akaenda moja kwa moja kwa wa tano, akafunua. Midomo ya Wanja ilikuwa ya kijivu. Mwenda akatoa inhela ya pumu mfukoni mwa suti yake, akampulizia, akambeba nje penye hewa. Inhela ya Wanja mwenyewe ilikuwa nyumbani, kwenye mkoba. Mimi babake nilikuwa na nini mfukoni? Kiberiti.
Daktari hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Amesema moshi ule ni kemikali zilizoungua na vumbi laini la rangi, linashuka mpaka ndani ya mapafu na kuyaumiza. Hata mwenye kifua kizima asiuvute, sembuse mwenye pumu, tena ndani ya hema. Shida inaweza kurudi baada ya saa kadhaa, kwa hiyo Wanja analala hapa.

Jumapili, 8 Desemba
Ameomba chai! Amemcheka Mwenda aliyelala kitini na suti yake ya harusi. Nimelia mbele ya manesi, sioni haya. Nimemwomba Mwenda msamaha. "Baba, hata wewe unakohoa," akasema. "Enda uonwe." Nikaenda. Nampenda kijana huyu. Basi, nimeandika.

Jumatano, 18 Desemba
Wanja yuko kwake Kiirua, anapumua vizuri. Nyumba imetulia mno. Nimechuma chai mpaka saa nne. Mama Wanja amekuta inhela mpya mfukoni mwa koti langu, akauliza ni ya nani, maana mwenye pumu ameshaolewa. Nimemwambia atakuja Krismasi.