Joho Jipya la Mzee Mahfoudh

Ndugu yangu Bwanausi, nimeumbuka!

Mteja wangu wa kwanza, Mzee Mahfoudh, kaja kupigwa picha na joho jipya la Maskati. Nikamweka barazani penye mwanga, shingo nikaikamatisha kwenye chuma cha kuizuia isicheze. Nikamwambia, "Kamera hii huchukua picha polepole. Usitikisike mpaka nifunike lenzi, la sivyo uso utafutika."

Nikafunua lenzi. Mtu akapita: "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba! Nyumbani hawajambo?"

Eti nyumbani hawajambo, Bwanausi! Na lenzi iko wazi! Akapita mwingine, naye akaulizwa mpaka habari za mbuzi wake.

Chuma cha kushika shingo ninacho. Cha kushika mdomo hakijatengenezwa.

Joho limetoka, uzi mmoja mmoja. Uso hakuna! Ukungu mtupu!

Nikamwonyesha picha. Akaitazama weee, akatabasamu: "Uso wangu Bagamoyo nzima inaujua. Joho ndilo jipya."