Ua Uliofagiwa

4 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na ile dawa unaipaka mwenyewe, huigawi kwa majirani. Sisi huku wazima, ila mbio za harusi ya mwanangu zimetukondesha.

Baba, wakwe wamekubali kuja kukusalimu kabla ya harusi, Jumamosi tarehe 16 Machi. Watakuja kumi na mmoja. Ni watu wa viatu vya kung'aa, na nikiukumbuka ule ua wako napata homa. Nakuomba sana uondoe wanyama wote: kuku, bata, mbuzi, pamoja na lile lundo la samadi karibu na mlango. Naomba pia uchunge ulimi. Hadithi ya jogoo na mjane usithubutu.

Binti yako

*

14 Februari

Binti yangu, Mama Usafi,

Marahaba. Tena marahaba mara mbili, ya pili ni ya ile shikamoo uliyosahau mwaka jana. Goti halijambo, anayelalamika ni mwenye goti. Dawa nilimpaka mbuzi kwanza, akapona siku hiyo hiyo, kwa hiyo najua ni nzuri.

Hajambo mke wangu mdogo? Nasikia mjukuu wangu huyo ananiacha kwa ajili ya kijana mwenye meno yote. Sawa. Lakini talaka sijatoa. Huyo kijana atampokea kutoka mkononi mwangu, mbele ya watu, nami nimevaa koti. Hilo tu ndilo ninalolitaka katika harusi hii. Nyama kuleni nyie, meno yangu yalishastaafu.

Sasa huu ua. Umeuandika kana kwamba ni ugonjwa. Nilikalia ndoo nikautazama vizuri, nikidhani labda miaka yote hii kuna kitu sikukiona. Nikaona banda la kuku lenye mlango wa gari bovu. Nikaona zizi, ghala la mahindi, bata wanaogombania karai. Nikaona samadi. Samadi hiyo, mama, ndiyo iliyokuvalisha sare ya shule. Wewe ulinuka wino, mimi nikanuka kilichonunua wino. Na hadithi ya jogoo na mjane haina ubaya wowote. Jogoo mwenyewe hakulalamika.

Basi nitawaondoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, hata kama safari hii kuku wa mwenyeji wanafukuzwa. Lakini Diwani naomba abaki. Unamjua: yule beberu mwenye ndevu na pembe moja fupi, anayeingia kila nyumba bila hodi na kutoka na kitu mdomoni, ndiyo maana tukampa cheo. Mama yake alikufa siku aliyomzaa, na mke wangu mdogo akamnywesha maziwa ya chupa likizo nzima. Mpaka leo akiisikia sauti yake anamkimbilia. Nitamfunga nyuma ya ghala.

Baba yako, fundi wa samadi

*

21 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikalia kidogo.

Hapana, Diwani naye aondoke. Beberu hafichiki, hata ukimfunga nyuma ya mlima. Baba, kuna jambo sijawahi kukuambia. Shuleni miaka saba niliitwa "Samadi". Hata mwalimu wa hesabu aliniita hivyo. Sitaki mwanangu aitwe jina hilo na mama mkwe wake.

Binti yako

*

10 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Hilo la shuleni ungeniambia mapema. Ningekuja kuwaeleza wenzako sisi wazazi tulimwitaje huyo mwalimu wa hesabu. Hapa siandiki, karatasi itaungua.

Nimetii. Bata wamekwenda kwa muuguzi wa zahanati. Kuku nimempa fundi baiskeli, na wawili ameshawala. Diwani na wenzake wamechukuliwa na mchuuzi mmoja mwenye pikapu. Nikamuuliza anampeleka bucha gani. Akasema, "Huyu mwenye ndevu hachinjwi, mzee. Kuna mahali mjini watu wanalipa kiingilio wamwangalie." Nilicheka mpaka goti likauma. Nikamwambia nipakie na mimi basi, ndevu ninazo, na nguo za watu sili. Diwani alipanda mwenyewe, kama kawaida yake hakungoja kukaribishwa. Gari lilipoondoka ndipo akageuka kunitazama.

Nimefagia siku tatu. Ukuta nimeupaka chokaa. Nimeazima viti kumi na viwili, kumi na kimoja vyao na kimoja changu, na soksi nimenunua zinazofanana. Ila ua umekuwa kimya kama mtoto aliyeiba sukari. Jogoo hayupo, jana nimeamka saa tatu, nikadhani nimeshakufa na huko niliko hawana haraka.

Hadithi ya jogoo nimeisahau kwa makusudi. Nawangoja.

Baba yako, msafi kuliko wote

*

19 Machi

Binti yangu,

Natumaini hamjambo. Kama kuna msiba msinifiche.

Jumamosi nilivaa koti tangu asubuhi. Nikakalia kiti kimoja, baada ya muda nikahamia cha pili kisione wivu, kisha cha tatu. Jioni ilipoingia nilikuwa nimekaa kwa niaba ya wageni wote. Barabara ilikuwa kavu, kwa hiyo mvua msiisingizie.

Viti nimerudisha. Mwenye navyo hakuniuliza kitu. Heri angeniuliza.

Niandikie, hata mstari mmoja. Harusi ni lini? Koti bado nimelitundika nje ya kabati.

Baba yako

*

6 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wazima. Najua nimechelewa. Kila siku nilikaa kukuandikia, nikainuka.

Wakwe waliiona safari ni ndefu. Halafu wakataka harusi iharakishwe, ikafanyika tarehe 27 Aprili. Upande wetu tulipewa nafasi ishirini tu, Baba, na ofisini kwangu kuna watu nisingeweza kuwaacha. Nikafikiria goti lako, na mwendo wa siku nzima, na zile hadithi zako. Mjomba wa mume wangu ndiye aliyemkabidhi. Aliongea vizuri.

Mahali alipachagua mama mkwe, ndipo penye fasheni siku hizi. Wanapaita Banyadi. Usijali jina, ni Kiingereza tu. Watu wanakalia marobota ya majani makavu, kuku wanapita chini ya meza, hata lundo la samadi lipo, limezungushiwa uzio mweupe. Wageni walifurahi sana. Ila kulikuwa na beberu mmoja asiye na adabu. Bibi harusi alipoanza kushukuru wageni, akakata kamba, akamfuata mpaka jukwaani, akala maua yote na nusu ya shela. Watu walicheka. Mwanangu peke yake alilia, na mpaka leo hasemi kwa nini.

Nimekuwekea kadi na picha uone mwenyewe.

Binti yako

*

15 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Vyote vimefika.

Nianze na kadi. Ina neno Barnyard, limeandikwa kwa dhahabu. Wewe uliniambia ni Kiingereza tu, na mimi shule niliiacha darasa la nne, kabla hatujafika huko kwenye dhahabu. Nikampelekea mwalimu mmoja mstaafu wa hapa jirani. Akavaa miwani, akashusha kamusi yenye vumbi, akasoma kimya, akanitazama. Nikamwambia sema tu, mzee mwenzangu, sina presha. Akasema ni ua wa shambani, ule wa katikati ya banda, zizi na ghala, ambamo kuku wanazurura. Nikamwambia, "Na kwa hilo umenifungulia kitabu? Si ungechungulia kwangu?" Akaifunga kamusi. Kwangu siku hizi hakuna cha kuchungulia.

Akaniambia pia kwamba Waingereza hulitumia kwa mzaha wa aibu, wa kama yule jogoo na mjane. Huo nao ni wa banyadi. Kumbe nimekuwa nikiongea Kiingereza tangu ujana, na ada yako nililipa bure.

Kwa hiyo mimi nilifagia wangu, nyie mkakodi wa kulipia. Samadi ya wenzetu ina uzio mweupe.

Sasa picha. Niliitoa nje kwenye mwanga. Mke wangu mdogo amependeza, nimemsamehe talaka. Mkono wake uko shingoni mwa huyo beberu asiye na adabu. Pembe moja fupi. Sikio la kushoto lina mikato miwili, niliikata mwenyewe kwa wembe, kama kwa kila mnyama aliyezaliwa katika ua huu. Kamba hakuikata kwa utundu. Aliitika sauti. Mwanao anajua alichokililia.

Basi kuna mmoja wa kwangu aliyefika kumkabidhi. Hakuwa na kadi, na hodi hakupiga. Mjomba aliongea vizuri, umesema. Diwani alikula shela. Ningekuwepo, sijui ningefuata mfano wa nani.

Koti nimelirudisha kabatini. Ukipita tena mahali hapo, usimfukuze. Mwite jina lake, atageuka. Yeye kinyongo hana, ni mnyama.

Baba yake Diwani

*

30 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya tatu tangu yako ya Mei, na sijui kama mbili za kwanza ulizifungua. Muuguzi ameniambia kwa simu kwamba mzima upo, na kwamba unazipokea.

Jumapili nilikwenda Banyadi. Nililipa kiingilio. Nikawaomba waniuzie Diwani nikurudishie, wakasema yule hauzwi, watoto wanampenda. Nikasimama kwenye uzio na viatu vyangu, nikamwita jina lake. Aligeuka. Akanitazama kitambo, kisha akaendelea kula.

Shikamoo, Baba. Ile niliyosahau mwaka ule, na hii.

Binti yako, Samadi