Kufuli Chini ya Kiti cha Dhun

Soldier Bazaar,
Karachi.
Jumatano, 17 Februari 1937

Mpendwa Kaka Nariman,

Hujambo, kaka? Hali zenu huko Rangoon, wewe na Wifi Perin? Kile kikohozi chake kimepoa? Naomba barua hii iwakute wazima. Huku Mama hajambo, anakula na kulala vizuri, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Dhun hajulikani alipo. Jana alfajiri aliruka peke yake kwenda Bhuj, safari isiyotimiza muda wa saa tatu, na hadi leo mchana hajafika. Najua utasema ulituonya. Ulituonya, kaka, lakini huyu mdogo wetu ukimwambia watu hufa angani, atakuuliza kama babu zetu wote walifia huko.

Tangu apate leseni ya urubani, picha yake imetoka gazetini mara tatu, na kila ikitoka Mama hukosa usingizi. Haogopi ndege kuanguka, anaogopa macho ya watu. Binti wa miaka ishirini na miwili, hajaolewa, anapita juu ya vichwa vya wanaume! Nani atakosa kumwonea kijicho?

Basi jana tulimfanyia kama afanyiwavyo msafiri yeyote wa nyumba yetu. Mama alichora chokaa kizingitini, akampaka rangi nyekundu kwenye paji la uso, akamzungushia yai kichwani mara saba, akalitupa chini lipasuke pamoja na kijicho chote. Yai halikupasuka. Lilibiringika hadi mtaroni, zima kabisa. Dhun akacheka, akasema kuku wa Karachi siku hizi wanataga mawe.

Mama hakucheka. Aliingia ndani akatoka na kitu kwenye kitambaa chekundu, nikakijua kwa jinsi kilivyomlemea mkono. Ni lile kufuli la chuma la ghala la marehemu Baba. Chuma hukata jicho baya, ndivyo tulivyolelewa, wewe na mimi.

Uwanjani Mama akaninong'oneza nimshughulishe fundi wa ndege. Unamkumbuka Fundi Fazal, yule mzee wa ndevu za hina? Hakuna akipendacho kama kuulizwa. Nikamuuliza kile chombo cha kioo kilicho sakafuni mbele ya kiti ni cha nini. Akanieleza kwamba ndiyo dira, na kwamba Dhun kabla ya kuruka huvua hata pini za nywele, kwa sababu chuma kikiwa karibu huipotosha. Nyuma yake namwona Mama, kainama ndani ya ndege anaupapasa mto wa kiti.

Nilisikia, kaka. Nilisikia kila neno, nikanyamaza. Niliona haya. Waandishi wa magazeti walikuwa wamejaa pale, na Dhun unamjua hasira zake, angemfokea Mama mbele yao. Nikajiambia mafundi nao hukuza mambo.

Ukungu ulikuwa umetanda hadi huwezi kuona mwisho wa uwanja. Dhun alipopanda nikamuuliza ataionaje njia.

“Dada, macho hudanganya,” akaniambia, huku anafunga kofia yake. “Dira haidanganyi. Nitafuata hiyo hiyo mpaka Bhuj.”

Tangu jana ndege mbili zinamtafuta kwenye njia ya kawaida. Nilijikaza hadi leo asubuhi, Mungu anisamehe, kisha nikaenda kwa Fundi Fazal nikamtolea yote. Hakunigombeza. Alikaa juu ya debe la mafuta, akaniuliza jambo moja tu: kufuli liliwekwa upande gani wa kiti? Kama ni kulia, dira ilimvuta kaskazini, jangwani, kwenye visima na wachunga ngamia. Kama ni kushoto, ilimvuta kusini, baharini. Ndege ni mbili na siku inakwenda, lazima wachague.

Sikuwa nimeuona upande. Nilikuwa nikicheka na fundi mwenyewe.

Nikarudi nyumbani mbio. Majirani walikuwa wanalia sebuleni, na Mama anawapitishia chai ya mchaichai kama siku ya sherehe. Nikamvuta jikoni.

“Mama, lile kufuli uliliweka upande gani?”

Akanishika shavu, akatabasamu. “Upande wa moyo, mwanangu. Ningeliweka wapi tena?”

Jibu hilo nimelipeleka uwanjani. Fundi Fazal alivua kofia, akaishika tu mkononi. Ndege zote mbili zimegeuzwa kusini.

Mama hajaniuliza kwa nini nilitaka kujua, nami sina ulimi wa kumwambia. Nimekwambia wewe kwa kuwa uko mbali na siuoni uso wako. Ukimwandikia barua ya kusomewa, kaka, nakusihi, usilitaje kufuli.

Msalimie Wifi Perin, uwabusu Kekobad na Jerbanu. Mtuwashie taa mbele ya picha ya Mtume wetu, sisi tuliolelewa kuutukuza moto, na asiipulize mtu, muiache izimike yenyewe. Mungu awafunike, nyinyi na yeye popote alipo.

Mama naye anawasalimu sana. Amenisimamia hapa nikiandika, hajui kusoma, ameniambia nisisahau kukuandikia hili: usiwe na wasiwasi juu ya Dhun, chuma kiko naye.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Gulbanu