Wao Madume, Sisi Majike

Kwako Bi Maimuna, mshauri wa gazeti,

Nisaidie, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize ndipo uanze kunisaidia, maana hapa kwetu Mtawanya wameshacheka wote na hakuna aliyesaidia. Mimi ni mzee, shule niliishia darasa la tatu, mwalimu alinichoka nami nikamchoka, kwa hiyo ukiona nimesahau nukta itie wewe pale unapoishiwa pumzi. Nimesoma unavyowashauri wanawake walioachwa na vijana waliokataliwa, nikasema huyu mwanamke aliyeshindana na wanaume miaka yote hawezi kushindwa na mbwa.

Ndiyo, shida yangu ni mbwa. Usiitupe barua.

Nyinyi wa mjini mchele mnaukuta dukani, lakini huku kwetu kabla haujafika sufuriani unagombaniwa na nyani, ngedere, kiboko na zaidi ya wote nguruwe, na tangu serikali ituhamishe bondeni ituweke huku juu karibu na barabara, nguruwe walidhani tumewaachia urithi, wakawa wanaingia mashambani kama watu waliolipa ushuru. Ndipo mimi na Abdulkarimu wa Mahege, ambaye ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Mwanabaraka, tukafunga safari mpaka Mloka kule jirani na pori la wanyama, kwa wawindaji waliokuwa na mbwa wadogo wekundu kama udongo wa kichuguu, masikio wima, kifua chembamba cha kupenya matete, mbwa ambaye habweki ovyo, ukimsikia amebweka ujue nguruwe amesimama. Tukapewa vitoto kwa sharti la Mloka, kwamba mbwa huyu hauzwi, anatolewa tu, na aliyepewa akiitwa kwenye msako haji na udhuru. Chama chetu kilianza hivyo, hatukuwa na karatasi, tulikuwa na mikuki na filimbi.

Watu wakatubatiza jina la Mara Saba, kwa vile ukiguswa na mate ya mbwa unajiosha mara saba na mara moja iwe kwa udongo, nasi tulikuwa na mtungi wetu na kata yetu pembeni ya msikiti, Ijumaa tukichelewa imamu anasema, "Wasubirini Mara Saba, bado wanajifinyanga." Msikiti mzima unacheka. Na hao hao wanaocheka, nguruwe akiingia kwao, alfajiri wako mlangoni kwangu, "Hodi mzee Bwanaheri, hao ndugu zako wameamka?" Ndugu zangu!

Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu akaambiwa aunde chama, wauza nazi wana chama, wavua kamba wana chama, wacheza ngoma wana chama, nasi tukaenda Utete tukajiandikisha tukapata mhuri, mimi mwenyekiti, Abdulkarimu makamu. Bwana mifugo akaja kuwatazama mbwa wetu, akawazunguka, akasema, "Wazee wangu, hii sio aina. Hawa ni mbwa koko wenye viongozi." Nikamwambia, "Mwanangu, si hoja, sisi wenyewe tuna viongozi na bado ni koko." Hakurudi tena.

Tungeendelea hivyo mpaka leo, lakini vikaja vyama vingi, na makamu wangu akasikiliza redio akagundua kumbe inawezekana. Akasema na Mahege wawe na chama chao. Tukakaa darasani kwenye shule ya msingi, watu wazima, wenye wajukuu, kugawana mbwa kama tunagawana mirathi. Abdulkarimu akataka madume, kwa sababu dume ndiye anayemshika nguruwe. Mimi nikataka majike, kwa sababu jike ndiye anayezaa. Tukapeana mikono, wajumbe wakapiga makofi, kila upande ukarudi kwao ukicheka kwamba umewapunja wenzake. Bi Maimuna, katika wote wale, wafuga mbuzi, wafuga kuku, wengine wana wake wawili, hakuna hata mmoja aliyenyoosha kidole akauliza, jamani, sasa itakuwaje?

Tulikumbuka majike yalipoanza kulia.

Nikatuma mtu Mahege kuazima dume. Abdulkarimu akajibu, "Mwenyekiti wenu ana miguu, aje mwenyewe." Nikasema siendi. Yeye akamchukua dume wake kijana akampa jina la Utakuja Tu, ujue kwetu mbwa anapewa jina ambalo jirani ndiye anayetakiwa kulisikia, basi kila jioni akawa anasimama njia panda anaita, "Utakuja Tu! Utakuja Tu!" na wapita njia wakanifikishia. Nami nilikuwa na kitoto kimoja cha kike kilichokuwa bado kinanyonya siku ile ya kugawana, nikakiita Siombi.

Kijana wetu mmoja, Bashiru, mlinzi huko Dar, akatuonea huruma akatuletea limbwa la mjini, kubwa kama ndama, ulimi nje. Wakati ule kila kitu kilikuwa mitumba, shati mitumba, kiatu mitumba, tukasema na mbwa awe mitumba. Likakataa ugali wa muhogo, likakataa dagaa, likalala kivulini likingoja nyama kama mgeni wa harusi. Watoto wake wana masikio ya kuning'inia, wanabwekea mwezi, wanabwekea baiskeli, wanambwekea imamu, lakini wakikutana na nguruwe wanarudi kusimama nyuma yangu, wananitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyeletwa kwa kazi hiyo. Nguruwe wameshawazoea. Huko Mahege nako madume yamezeeka yanakufa moja moja, hakuna la kulirithi.

Sasa wale wa asili ya Mloka nimebaki na Siombi peke yake, na shemeji amebaki na Utakuja Tu peke yake, kokote kwingine sijasikia, na Mloka kwenyewe wale wawindaji wametawanyika. Siombi hajawahi kuzaa, nilimficha lile limbwa lisimguse. Umri unamkimbia, na dalili zake nazijua, mwezi ujao au unaofuata atataka dume, na nadhani ndiyo mara yake ya mwisho kuwa na nguvu. Akipita hapo, wamekwisha, na sisi tumekwisha, maana mimi sasa ndiye mbwa wa kijiji, usiku nipo juu ya dungu la kulindia shamba napiga debe, mchana nasinzia, mpunga wangu nusu umeliwa nikiuangalia. Nimechoka mwanangu, mpaka mfupa umechoka.

Mke wangu Mwanabaraka ananiambia, "Bwana wee, wewe na kaka yangu mligawana kufuli na ufunguo. Nenda." Nikamwambia nina heshima yangu. Akasema, "Heshima inaungwa kwa nazi? Niambie niipike, kwani mpunga sina." Juzi akatoka kumwona kaka yake, nikamuuliza kasemaje, akasema kaka yake alingoja mpaka wakati wa kumsindikiza mlangoni ndipo akanong'ona, "Mwambie mumeo dume langu linazeeka." Umeona mtu? Nimekwama, na yeye anatuma kejeli.

Nimefikiri nimtume Bashiru. Nimefikiri pia siku ikifika nimfungulie tu Siombi kamba, aende mwenyewe Mahege, iwe mambo yao, mimi sijaomba. Unaonaje?

Ni mimi Mzee Bwanaheri,
Mtawanya, Kibiti.


BI MAIMUNA ANAJIBU

Mzee Bwanaheri, shikamoo. Sema marahaba, halafu kaa vizuri nikukaripie, maana heshima yako nimeshaitoa.

Nimecheka na nimemaliza. Hapo kwenye dungu sikucheka. Mtu wa umri wako alitakiwa awe amelala, anakoroma, watu wananung'unika. Pole sana kwa mpunga, na pole zaidi kwa Mwanabaraka, ambaye mume wake na kaka yake wamemweka katikati miaka yote hii na bado anatafuta cha kupika.

Lakini baba, hilo limbwa la mjini usililaumu. Halikuomba kuletwa Rufiji, na halikunyoosha mkono darasani siku ile. Mlinyoosha nyinyi.

Bashiru usimtume. Shemeji yako akimwona atadhani analetewa limbwa la pili. Na Siombi usimfungue kamba, maana hatafika. Kati ya Mtawanya na Mahege kuna kila koko wa duniani, na wao hawana katiba. Utangoja vitoto vyekundu, utapata vya mabaka, na hutakuwa na wa kumlaumu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo uliposoma vibaya. Unasema ametuma kejeli. Kejeli gani? Mwanamume aliyesimama njia panda miaka mingi akijisifia dume lake, leo anamnong'oneza dada yake mlangoni kwamba linazeeka. Hilo si tusi. Amechoka kama wewe. Unafikiri nguruwe wa Mahege wanakula mchanga? Na yeye yuko juu ya dungu lake, na debe lake, anasikiliza kama la kwako linaita. Amekuita kwa maneno machache aliyoweza kuyatoa bila kuanguka chini. Wewe ulitaka aje na matarumbeta?

Usingoje mwezi ujao. Gazeti hili litakufikia kwa basi, na nakujua utalisoma mara tatu kwanza ili upate kisingizio. Hakuna. Kesho ukishaswali alfajiri mfunge Siombi kamba imara, Mwanabaraka atangulie, kwani anakwenda kwao na hakuna wa kumzuia, wewe fuata nyuma. Mwache Siombi kwa shemeji yako mpaka shughuli iishe, afungiwe ndani, asitolewe hata kama kuna harusi. Vikizaliwa vitoto mgawane, safari hii kila upande upate dume na jike, kwa sharti lile lile la Mloka, havitauzwa. Hao wa masikio ya kuning'inia wape wenye maduka ya Kibiti barabarani, wao wanataka kelele tu.

Uenyekiti mpe yeye. Wewe chukua umakamu, ni cheo kizuri, mtu anakula bila kuhutubia. Na mtungi wa Mara Saba uwe mmoja, pale pale pembeni ya msikiti, ili imamu apate tena la kusema.

Usiandae hotuba ya kuomba radhi. Nyinyi wawili hamtaimaliza, mtagombana kwenye neno la pili. Mbwa hawajui maana ya majina yao, mzee wangu, mnaoijua ni nyinyi wawili tu, na ndiyo iliyowaweka mbali. Ukiingia uani kwake atafanya makusudi, namfahamu bila kumwona. Atageukia nyuma ya nyumba apaze sauti, "Utakuja Tu! Utakuja Tu!" Usikunje uso, na usigeuze kamba. Dume ni zee, huenda limelala, halitasikia.

Itika wewe.