Kituo cha Polisi cha Tatu

Jumapili, Mbagala.

Tena kituo cha polisi! Hiki cha tatu. Binti yangu aliyeko Uarabuni ananitumia matofali ya plastiki ya kupachika, na kila boksi ni la kujenga kituo kilekile. Mie fundi mwashi, nusu ya Mbagala nimeijenga mie, leo nijenge mahabusu mara tatu?

Nimevibomoa vyote. Nimejenga nyumba ya kwao mke wangu, ile ya Kariakoo iliyovunjwa kupisha ghorofa. Vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele.

Mke wangu alicheka. "Mzee mzima na midoli!" Kisha akainama kutazama. "Mbona baraza tupu? Baba alikuwa akikaa hapa."

Visanamu ninavyo vya polisi tu. Nikakivua kimoja kofia, nikakikalisha barazani.

Mke wangu akasema taratibu, "Msogeze ndani kidogo. Baba hapendi jua."