Lita Mbili kwa Sekunde

Jumatatu, 4 Agosti

Barua imekuja. Karani wa ofisi ya maji kaileta mwenyewe kwa pikipiki. Kuanzia sasa wenye mashamba kando ya mto tufungue mifereji asubuhi mbili tu kwa wiki. Vitunguu vyangu vinajua kalenda? Shamba la maua kule juu halimo kwenye orodha. Nimeuliza kwa nini. Eti ule ni mradi. Na langu mimi ni nini — mchezo wa kombolela? Nimeandika rufaa papo hapo, nyuma ya bahasha yake. Kacheka, lakini kaipokea. Siogopi. Kibali cha marehemu baba ninacho, na muhuri wake: lita mbili kwa sekunde.

Jumatano, 6 Agosti

Kikao cha rufaa ni Alhamisi ya wiki ijayo. Kaka kapiga simu kutoka mjini. Anasema tuuze shamba, anayeshindana na tembo kunya hupasuka msamba. Nimemwambia mimi sishindani. Napima.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepanda hadi uzio wa shamba la maua na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Kibali chao kimebandikwa getini: pampu moja. Mtoni ziko tatu! Wifi kajifanya ananipiga picha mimi. "Tabasamu, wifi. Sogea kushoto, unaziba pampu." Tumeteremka tunacheka kama wasichana wa shule. Tumewashika!

Jumapili, 10 Agosti

Nikasema nipime na langu, niende na hesabu kamili. Ndoo ya lita ishirini chini ya bomba la mfereji, wifi na saa ya simu. Kwa kibali cha baba, ndoo ijae kwa sekunde kumi. Imejaa kwa sita.

Nikamwambia wifi kakosea. Tukarudia. Sita. Tena. Sita!

Ni bomba. Mafuriko yalipong'oa lile la baba, mimi ndiye niliyenunua hili. Nene zaidi, ndilo lililokuwepo dukani. Miaka mitatu sasa.

Nimeshuka kwa fundi matofali, jirani yangu wa chini. Shimo lake la udongo limepasuka kama kisigino. Siku zote hunitania: dada, kwangu maji hayafiki, hufika habari zake tu. Nami hucheka. Leo nimemweleza yote. Akafuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole.

"Miaka mitatu namlaani mtu wa maua," akasema. "Kikaoni utalisema hili?"

Nitalisema.

Jumatatu, 11 Agosti

Wifi kanuna. Funika kombe mwanaharamu apite, anasema, unajichongea! Nimemjibu kombe lenyewe linavuja. Bora niseme kuliko kusemewa. Nimeziba nusu ya mdomo wa bomba kwa kipande cha bati. Sekunde kumi na moja. Safi.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika kwenye benchi, varandani pa ofisi ya maji. Tumepewa nusu saa.

Nimesema! Langu kwanza, kisha la maua, na picha nikazipitisha mkono kwa mkono. Meneja wa maua akaruka: mwizi wa maji ana ubavu gani wa kumshtaki mtu? Nikamwambia, bwana meneja, mwizi ndiye amjuaye mwizi mwenzie. Chumba kizima kikalipuka. Fundi matofali ndiye aliyeanza kucheka — nikajua tumeelewana.

Ofisa wa maji hakucheka. Kaamua: asubuhi mbili zile zinasimamishwa mpaka wapimaji wake wapite mto mzima. Ila anayetaka kupimwa kwa haki aweke ufunguo wa maji yake mezani, leo, na asichote hata ndoo mpaka wafike. Siku ngapi? Hajui. Vitunguu vina wiki moja, labda siku tisa. Nikaweka ufunguo wa kofuli la mfereji wangu. Meneja akaomba kwanza ampigie bosi; ndiyo hiyo nusu saa.

Kupitia dirisha naona meza. Ufunguo wangu uko peke yake, ofisa anatazama saa. Meneja yuko hatua tatu kutoka hapa, simu sikioni. Namsikia: ndiyo, bosi. Ndiyo, bosi. Hapana, bosi, wameshaziona zote tatu. Mkono mwingine uko mfukoni. Nasikia funguo zikigongana humo —