Baba Aliyemaliza Maneno kwa Wateja

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni rika langu basi tusameheane, nimechoka hata kubahatisha. Mimi ni kifungua mimba wa marehemu mzee aliyeuza cherehani tangu hajamwoa mama mpaka magoti yalipomkatalia, mtu wa kubeba cherehani begani mlango kwa mlango, akaitua sebuleni kwa watu asiowajua na kumwambia mwenye nyumba, "Kaa hapa dada, ijaribu mwenyewe, usiamini mdomo wangu," na kabla hajaondoka nyumba nzima inacheka na pazia limeshapata pindo.

Tangu tumzike wageni hawakatiki, mafundi nguo, wauzaji wenzake, mwenye duka alilolitumikia, kila mmoja na kisa chake cha kuchekesha, nami nawapitishia vikombe huku nikisikiliza habari za mtu nisiyemjua, maana baba wa kwetu alikuwa anaingia, anavua viatu mlangoni, anakaa kitini karibu na dirisha, na ukimuuliza jambo anajibu, "Sauti nimeiuza yote leo," basi, huo ndio utani pekee tuliobakiziwa, ingawa hatukulala njaa, naye hakulala nje, na mama alipolazwa yeye ndiye aliyetufulia na kunisuka nywele, vibaya, lakini alisuka.

Sasa Jumamosi ndugu, majirani na watu wa dukani wanakusanyika kumkumbuka, mama kaniambia, "Wewe ndiye mkubwa, utasema kwa niaba yetu," na mdogo wangu wa kiume akanivuta jikoni akasema, "Dada, ukisimama pale ukamsifu yule mcheshi wao, naondoka mbele za watu, wateja walipata baba, sisi tulipata viatu mlangoni," kumbe mama yuko nyuma yetu, amesikia, akaweka sahani chini akaenda chumbani, na tangu hapo hali chakula vizuri.

Kinachoniuma zaidi ni hiki, miezi ya mwisho nilimuuguza mimi, nikimgeuza, nikimwosha, halafu siku moja akaja mama mmoja wa makamo, fundi nguo aliyenunua cherehani kwake zamani, na baba akaomba mto, akaketi, akapiga soga mpaka yule mama akafuta machozi ya kicheko, na alipotoka tu baba akageukia ukutani, nikashindwa kujizuia nikasema, "Baba, na mimi basi nipe neno," akasema, "Wewe si mteja, mwanangu. Kwako napumzika," akafumba macho, nami nikatoka na beseni nikalia nje, nikaona nimefukuzwa. Nikisema ukweli namvua baba nguo mbele za watu, nikimsifu nampoteza mdogo wangu, nikikataa namvunja mama. Nifanyeje?

Kifungua mimba aliyechoka

*

Binti yangu, pole kwa msiba, na pole kwa kuuguza, kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi. Sasa vumilia, nitakugombeza kidogo.

Nani kakwambia ulifukuzwa? Mtu aliyeishi kwa kuchekesha nyumba za watu, akafungiwa mlango usoni, akatabasamu tena mlango wa pili, alihitaji mahali pa kukunja uso bila woga. Akakwambia mahali penyewe ni wewe. Uliomba neno, ukapewa, ukalimwaga nje pamoja na maji ya beseni!

Lakini sitamtetea mzee kupita kiasi. Mtoto hashibi ukimya, hata uwe ukimya wa upendo. Mdogo wako alitaka baba acheke naye, si dhambi hiyo, na hakuna hotuba itakayomrudishia. Kosa lake ni kukutisha msibani na kumtonesha mama kidonda. Anadhani mama hakuitamani ile sauti?

Nenda kwa mdogo wako leo, si kesho, na usimpigie simu. Msimulie siku ile ya fundi, neno kwa neno, halafu funga mdomo, umwache alie au afoke. Kisha kaeni wote wawili na mama, mwombeni awaambie mumewe alikuwa mtu gani. Mnabishana juu ya mzee wa watu na hamjamuuliza aliyezeeka naye!

Jumamosi waache wateja wamsimulie mcheshi. Huyo ni wao, walimpata kihalali. Wewe sema kwa ufupi kwamba alikuwa akirudi amechoka, lakini alirudi, kila jioni. Sema alisuka vibaya. Sema mlitamani aongee nanyi zaidi. Hilo halimvui mtu nguo, linaonyesha alitamaniwa. Mdogo wako akiondoka, mwache. Hatafika mbali.

Na wageni wa siku hiyo wahudumiwe na wengine. Mashangazi wapo, majirani wapo, mikono wanayo. Ukishasema, kaa ubavuni kwa mama yako, na yeyote atakayekuita umletee kitu, usiinuke.